Kivimbe Kisichouma: Jibu Linalopotea Kabla ya Kufika Kwenye Hadubini

Saratani ya kinywa ina sura moja tu vichwani mwa watu wengi hapa Zanzibar. Ni mzee aliyekula tambuu na tumbaku tangu ujana wake, kidonda ubavuni mwa ulimi, maumivu yasiyomwacha alale. Sura hiyo haikuzuka bure. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa duniani huanzia kwenye utando unaofunika kinywa kwa ndani, na tumbaku, pombe na popoo ni miongoni mwa vichochezi vyake vikubwa. Wahamasishaji wetu wa afya wamefundisha hayo vizuri, na waendelee kuyafundisha. Lakini sura moja ikishika nafasi yote, mgonjwa asiyefanana nayo hapati wa kumtilia shaka. Mwanamke wa miaka arubaini, hali tambuu, hajagusa sigara, meno yake mazima, ana kivimbe kwenye kaakaa ambacho hakimuumi hata kidogo. Nani atamwambia kwamba huenda ni saratani?

Kivimbe hicho kinaweza kuwa kimeanzia kwenye tezi ya mate. Tezi kubwa za mate tunazo jozi tatu: mbele ya masikio, ambako watoto huvimba wakipata matubwitubwi, chini ya taya, na chini ya ulimi. Zaidi ya hizo zipo tezi ndogondogo, kati ya 600 na 1,000, zilizotawanyika chini ya utando wa kaakaa, midomo, mashavu, ulimi na nyuma ya magego. Hatuzioni wala hatuzihisi. Kila moja inaweza kuota uvimbe, na uvimbe huo haufuati sana ada za tambuu wala sigara. Mionzi inajulikana kuongeza hatari, na hilo lilidhihirika kwa walionusurika na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Kwa wagonjwa walio wengi, hata hivyo, hakuna sababu unayoweza kuinyooshea kidole.

Kuna kanuni moja ya tezi hizi ambayo ningependa kila daktari wa meno na kila tabibu wa kituo cha afya aijue kwa moyo: tezi ikiwa ndogo, shaka iwe kubwa. Uvimbe wa tezi iliyo mbele ya sikio, mara nyingi, si saratani. Pengine mmoja katika kila minne au mitano ndio mbaya. Kwenye tezi ya chini ya taya, mbaya hukaribia nne kati ya kumi. Kwenye tezi ndogondogo za kinywani hufika kama nusu, na kwenye tezi ya chini ya ulimi mbaya ndio wengi. Kwa maneno mengine, uvimbe mkubwa shavuni, unaowatisha watu wote, una nafuu kuliko kile kipele cha kaakaani kinachopuuzwa na mwenyewe pamoja na aliyempima.

Nashikilia kwamba uvimbe huu hautushindi kwa kukosa mitambo ya mamilioni. Hutushinda mapema zaidi, katika hatua ambazo hazina gharama kubwa: jina la haraka analopewa mgonjwa, kipande cha nyama kinachokatwa pasipostahili, chupa isiyofaa, fomu iliyojazwa neno moja, na majibu yasiyomrudia mwenye kinywa chake. Tukizitengeneza hatua hizo, sehemu kubwa ya tunachokiita uhaba wa utaalamu itajitatua yenyewe.

Nianze na jina la haraka, kwa sababu ndilo linalokula muda mrefu kuliko mengine yote. Jina hilo ni jipu.

Chukua mama wa Micheweni aliyefika kituoni na kivimbe nyuma ya kaakaa, upande wa kulia. Anaulizwa kinauma? "Hakiumi, dokta. Kimekaa tu, tangu mfungo wa mwaka juzi." Anapewa dawa za kuua vijidudu, amoksilini na metronidazoli, za siku tano, anaambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, arudi kikizidi. Hakizidi kwa wiki mbili, basi harudi. Kinazidi kwa mwaka mmoja, polepole mno hata mwenyewe haoni. Akirudi anapewa dawa zilezile, au anang'olewa gego la jirani. Hapo pameshapita muda, na hakuna aliyefanya uzembe wa kuonekana. Kila mmoja alimpa dawa ya ugonjwa ulio wa kawaida.

Lakini jipu la kaakaa lina baba yake, na baba yake ni jino lililokufa. Mara nyingi ni gego la kwanza la juu, kupitia mzizi wake wa ndani, au jino dogo la mbele lililo jirani ya yale mawili makubwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi: jino gani? Ligonge, lijaribu kwa baridi, lipige picha ya eksirei. Kama meno yote ya upande ule yako hai, hayana tundu, na picha haioneshi kitu kwenye ncha ya mzizi, basi jipu limekosa baba na jina hilo lifutwe kwenye kadi. Jipu huuma, huja na kuondoka, hutoa usaha. Uvimbe wa tezi hukaa palepale, mgumu kiasi au wa kubonyea kidogo, utando wa juu yake ukiwa mzima.

Mahali penyewe panasema mengi. Kaakaa lina tezi nyingi upande wa nyuma, pembeni, karibu na pale sehemu ngumu inapokutana na laini. Mbele yake, nyuma ya meno ya mbele, tezi hazipo au ni chache sana, na kwenye ufizi kwa kawaida hazipo kabisa. Kwa hiyo nundu ngumu ya mfupa iliyo katikati hasa ya kaakaa, ambayo mtu amekuwa nayo tangu ujana, huwa ni mfupa tu uliozidi, haina haja ya kumtoa mtu roho. Kilicho nyuma na pembeni ndicho cha kutiliwa shaka. Midomo nayo ina siri yake: kivimbe cha mdomo wa chini, cha rangi ya samawati, kinachopasuka na kurudi, aghalabu ni mate yaliyovuja baada ya mtu kujiuma. Kikiwa mdomo wa juu, kigumu, kinachoteleza chini ya kidole, hapo fikiria uvimbe wa tezi kwanza. Na mzee anayesema meno yake ya bandia ya juu hayamkai tena kama zamani asiambiwe tu kwamba ufizi umesinyaa. Atolewe meno hayo, kaakaa litizamwe na lipapaswe.

Kupapasa nakusisitiza. Nimeona watu wakipimwa kinywa kwa kumulikwa tochi kwa sekunde mbili, mpimaji amesimama mlangoni mwa uso wa mgonjwa. Uvimbe wa tezi uko chini ya utando, jicho linaweza kupita juu yake lisiuone. Kidole chenye glavu ndicho kinachouona.

Dalili mbili zikijitokeza, hazingoji tena. Ya kwanza ni ganzi: mgonjwa anahisi upande mmoja wa kaakaa umekufa, au unawaka kama umepakwa pilipili. Ya pili ni uso kulegea upande mmoja kwa mtu mwenye uvimbe mbele ya sikio. Zote mbili zina maana kwamba mshipa wa fahamu umeguswa, na uvimbe usio saratani ni nadra kufanya hivyo. Huyo hapewi tarehe ya mwezi ujao.

Sasa tuje kwenye kisu. Hapa kuna makosa mawili yanayopingana, na yote mawili hufanywa na watu wenye nia njema.

La kwanza ni kukitoa kivimbe chote siku ileile. Mgonjwa amekuja kutoka mbali, kivimbe ni kidogo, ganzi ipo, kwa nini asimalize? Kwa sababu kama ni ule uvimbe ulio wa kawaida kuliko yote, adenoma pleomofiki, ambao si saratani, ganda lake huwa jembamba na halikamiliki kila mahali. Ukiukamua, mabaki hubaki, na baada ya miaka hurudi kwa vinundu vingi ambavyo ni vigumu zaidi kuvitoa. Ukiachwa miaka mingi pia, baadhi yake hugeuka saratani. Na kama tangu mwanzo ni saratani, aliyeukamua ameacha kingo chafu, amevuruga mipaka, na mpasuaji atakayefuata hajui tena ulianzia wapi na kuishia wapi. Kwenye kaakaa, kipande kwanza. Jibu likirudi, ndipo upasuaji upangwe kwa ukubwa unaostahili.

La pili ni kukata kipande cha juujuu. Daktari anaogopa damu, na ana haki ya kuogopa, kwani mshipa mkubwa wa damu wa kaakaa unapita pembeni hapo. Anachukua utando kidogo, anapeleka, jibu linarudi: utando wa kawaida, hakuna saratani. Mgonjwa anashukuru Mungu, anarudi nyumbani na saratani yake. Maabara haikusema uongo. Ilisoma ilichopewa, na ilichopewa hakikuwa uvimbe. Kipande kinatakiwa kiingie ndani ya uvimbe wenyewe, kiwe na upana wa kutosha, milimita nne au tano kama kinatolewa kwa kikata duara, na ikiwezekana kiguse ukingo ambapo uvimbe unakutana na nyama nzima. Jibu la "hakuna saratani" kwa uvimbe unaoendelea kukua si jibu la kumaliza safari. Ni sababu ya kukata tena.

Ukingo una umuhimu ambao watu wa nje ya maabara hawaujui. Uvimbe wa tezi za mate hujengwa na seli za namna mbili: zile zinazozunguka mfereji wa mate, na zile zinazozikumbatia kwa nje ambazo kazi yake ni kukamua mate yatoke. Kwa seli hizo mbili tu, maumbile hutengeneza aina nyingi za ajabu. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, toleo la tano la mwaka 2022, una zaidi ya aina 30 za uvimbe wa tezi hizi. Aina tatu zinaweza kuonekana karibu sawa katika kipande kidogo cha kaakaa. Ya kwanza ni adenoma pleomofiki, isiyo saratani. Ya pili ni adenokasinoma polimofasi, saratani inayokwenda taratibu, na wengi waliotolewa vizuri huishi miaka mingi. Ya tatu ni saratani ya adenoidi sistiki, ambayo ina subira ya kutisha. Zote tatu zaweza kuonesha vijitundu vya duara vilivyopangana kama chujio la tui. Kinachozitofautisha mara nyingi ni tabia yao ukingoni: je, uvimbe umesukuma nyama jirani kwa adabu, au umeingia ndani yake na kuzizonga nyuzi za fahamu? Kipande kisicho na ukingo kinamnyima msomaji wa hadubini swali lake muhimu kuliko yote.

Zipo rangi maalumu za kumsaidia. Protini mbili, p63 na p40, zikitafutwa pamoja kwenye kipande kimoja hutoa mwanga: adenokasinoma polimofasi kwa kawaida huonesha p63 lakini haioneshi p40, wakati adenoidi sistiki huonesha zote mbili kwenye seli zake za nje. Ni kipimo ambacho maabara ya rufaa inaweza kukifanya bila ya kuwa na mashine za vinasaba. Saratani iliyo ya kawaida zaidi ya tezi hizi, mukoepidemoidi, mara nyingi hujitambulisha kwa seli zake za ute zilizochanganyika na seli bapa, na ute huo unapakwa rangi kwa njia za zamani na za bei nafuu.

Lakini kabla hatujamlaumu anayechelewa, tumwogope pia anayefanya haraka. Kuna maradhi ya kaakaa yaliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Abrams, Melrose na Howell, ambayo jina lake kwa matamshi yetu ni sialometaplasia ya nekrosi. Damu inapungua kufika kwenye kundi la tezi ndogo, pengine baada ya sindano ya ganzi ya meno au baada ya kuumia, na tezi zile zinakufa. Linatokea donda lenye shimo, kubwa, la kutisha, wakati mwingine mgonjwa husema kipande cha kaakaa kimedondoka. Chini ya hadubini, mifereji iliyobaki hubadilika na kufanana na saratani kiasi cha kuwadanganya hata waliobobea. Na maradhi haya hupona yenyewe kwa wiki sita hadi kumi. Wapo wagonjwa duniani waliokatwa nusu ya taya la juu kwa donda ambalo lingefunga peke yake. Msomaji wa hadubini anaepuka mtego huo akiambiwa mambo matatu: donda limeanza lini, lilitanguliwa na nini, na linakua au linapungua.

Ataambiwaje, ikiwa fomu ina maneno mawili tu, "uvimbe mdomoni"?

Fomu hiyo ndiyo karatasi ninayoiona kuwa na thamani kuliko mashine yoyote tutakayonunua. Umri, mahali hasa, ukubwa kwa sentimita, muda, kuuma au kutouma, ganzi ipo au haipo, meno ya upande ule yako hai au yamekufa, picha imeonesha nini, sindano ya ganzi au jino kung'olewa kabla ya hapo. Dakika tano za kalamu. Mpatholojia, yule msomaji wa hadubini, anayepokea kipande bila habari hizi anasoma barua iliyochanwa juu na chini, halafu tunamlaumu kwa kutoa jibu la "huenda". Skuli zetu za afya, ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) ikiwemo, zinamfundisha mwanafunzi kukata na kushona. Zimpe pia alama kwa fomu aliyoijaza, na zimfelishe kwa fomu tupu.

Chupa nayo. Nyama iliyokatwa huanza kuoza dakika ileile, na katika joto letu haina subira. Inatakiwa iingie mara moja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kiasi kisichopungua mara kumi ya ujazo wa kipande, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Si spiriti, si maji ya dripu, si pamba iliyolowanishwa. Chupa ya mdomo mwembamba huingiza kipande kikiwa laini na kukikatalia kutoka kikishakakamaa. Jina na namba viandikwe kwenye mwili wa chupa, kwani vifuniko hubadilishana. Vitu hivi ni rahisi, bei yake ni ndogo, na vikikosekana hakuna mtaalamu wa Dar es Salaam wala wa London atakayeweza kuirudisha nyama iliyoharibika.

Kuna watakaosema Pemba haiwezi nidhamu hiyo, kwamba mambo ya maabara ni ya mjini. Nawaomba waende Wawi, Chake Chake. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko pale tangu mwaka 2000, na kwa miaka yote hiyo vijana wa Pemba wamekuwa wakipokea vikopo vya mkojo na choo kutoka skuli na shehia, wakiviwekea namba, wakivisoma kwa hadubini na kuandika daftarini, katika mapambano na kichocho na minyoo. Kazi yao imetumiwa na wanasayansi wa dunia nzima. Kisiwa kinachoweza kufuatilia yai la kichocho kutoka kijijini hadi kwenye takwimu za kimataifa kinaweza kufuatilia chupa moja ya formalini kutoka Wete. Nidhamu ipo. Kilichokosekana ni kuielekeza kwenye nyama za kinywa.

Halafu ipo bahari. Kipande kilichokatwa Wete au Mkoani, ikiwa kinahitaji kusomwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam, lazima kivuke maji, na mara nyingi kinavuka mkononi mwa ndugu wa mgonjwa, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na nauli ya boti aliyochangiwa na ukoo. Ndugu yule akikosa boti, kipande kinakaa. Akifika ijumaa mchana, kinakaa. Majibu yakitoka, nani atayachukua? Mimi siamini kwamba kipande cha nyama kinastahili kuwa mzigo wa shemeji. Hospitali ndiyo iliyokikata, hospitali ndiyo ikisafirishe, kwa daftari lenye saini tatu: aliyekitoa, aliyekibeba, aliyekipokea. Na jibu lirudi kwa njia ileile, na kwa simu, kwa daktari aliyekata na kwa mgonjwa pia. Wengi wa wagonjwa wetu wana simu au wana mtoto mwenye simu. Kama mtu anatumiwa pesa kwa simu hadi Kisiwa Panza, ujumbe wa kumwambia "majibu yako yapo, njoo" utamfika.

Kwa uvimbe wa tezi zilizo mbele ya sikio na chini ya taya, mzigo unaweza kupungua zaidi. Huko sindano nyembamba inatosha kwa hatua ya mwanzo: unavuta seli, unazipaka kwenye kioo, unazikausha, unazipaka rangi. Tangu mwaka 2018 upo mfumo wa Milan wa kuandika majibu hayo kwa makundi, kila kundi na kiwango chake cha hatari, ili mpasuaji asibaki kukisia maana ya maneno ya mpatholojia. Kioo kilichokauka husafiri vizuri kuliko mgonjwa. Ila kwenye kaakaa nisingependa tuitegemee sindano peke yake. Nyama ipo karibu, inafikika, na inasema zaidi.

Najua mvuto wa mashine za vinasaba, na sitaki kuudharau. Tangu mwaka 2003 inajulikana kwamba mukoepidemoidi nyingi zina muungano wa jeni mbili, CRTC1 na MAML2. Adenoidi sistiki nyingi zina wa MYB na NFIB. Mwaka 2010 Alena Skálová na wenzake walieleza saratani mpya ya tezi za mate, inayoitwa ya kutoa ute, yenye muungano wa ETV6 na NTRK3, na hiyo ina dawa inayolenga muungano huohuo, larotrectinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Huu ni ujuzi wa kweli unaookoa watu. Lakini kila kipimo kati ya hivi kinaanza na kipande kilichohifadhiwa vizuri. Ukinunua mashine ukaacha chupa, umeweka paa pasipo nguzo. Wanaohitaji kipimo cha jeni Zanzibar kwa mwaka watakuwa wachache, na kwa hao kipande chao kinaweza kupelekwa nje. Wanaohitaji formalini ni kila mmoja.

Hili la idadi nalitaka lieleweke, maana neno "nadra" limekuwa mto wa kulalia. Duniani, saratani za tezi za mate huzidi wagonjwa wapya 50,000 kwa mwaka, na kwa nchi nyingi huwa kama mgonjwa mmoja kwa kila watu 100,000, pengine chini ya hapo. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu karibu milioni 1.9. Ukipiga hesabu kwa kiwango hicho, wanakuwa kama wagonjwa 20 kwa mwaka, pengine pungufu, tezi zote, visiwa vyote. Wa Pemba, yenye watu zaidi ya 540,000, wangekuwa watano au sita. Wenye uvimbe usio saratani ni wengi kuliko hao, lakini nao wanahesabika.

Wengine huisoma hesabu hiyo na kusema haina haja ya kupangiwa chochote. Mimi naisoma kinyume. Wagonjwa 20 ni darasa moja dogo. Ni watu ambao nchi inaweza kuwajua mmoja mmoja, ikiwa na daftari moja la vipande vyote vya kinywa vinavyokatwa Unguja na Pemba. Uchache huo pia ndio unaomzuia tabibu mmoja kuwa na uzoefu: anayeona mgonjwa mmoja katika miaka mitano hawezi kumtambua wa pili. Uzoefu wa namna hii lazima ukusanywe mahali pamoja. Vipande vyote vya kaakaa visomwe na macho mawili yaliyokubaliwa, na lile linalotia wasiwasi lipigwe picha kutoka kwenye hadubini na kuoneshwa kwa wenzetu wa Muhimbili kabla mpasuaji hajashika kisu. Afrika Mashariki si ngeni katika kazi hii. Mwaka 1964 Davies, Dodge na Burkitt walichapisha kuhusu uvimbe wa tezi za mate Uganda, na Burkitt huyo ndiye ambaye jina lake lilipewa saratani ya taya za watoto. Walifanya hivyo kwa madaftari na vipande vilivyotunzwa.

Kuna sababu moja zaidi ya kutaka daftari, nayo ni ile subira ya adenoidi sistiki niliyoitaja. Saratani hii hutambaa ndani ya ala za mishipa ya fahamu, ikitoka kaakaani kupanda kuelekea chini ya fuvu, mbali na pale jicho linapouona uvimbe. Ndiyo maana mgonjwa mwenye jibu hilo anahitaji picha ya MRI, ile ya sumaku, kabla ya upasuaji, na mara nyingi mionzi baada yake, safari ambayo kwa miaka mingi imekuwa na maana ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Miaka mitano ya mwanzo wengi huwa hai na wazima. Familia inasherehekea, hospitali inafunga faili. Kisha mwaka wa nane, wa kumi na mbili, hata wa kumi na tano, madoa yanaonekana mapafuni. Mtu wa namna hiyo hafai kuambiwa "umepona, nenda". Anafaa kuitwa kila mwaka kwa picha ya kifua na kupapaswa kinywa na shingo, maisha yake yote, na asipokuja apigiwe, na asipopatikana kwa simu, sheha wa shehia yake anamjua nyumbani kwake.

Ninachokipendekeza kwa Wizara ya Afya kinaweza kuanza kabla ya bajeti ijayo. Kidonda au uvimbe wowote wa kinywani uliopita wiki mbili bila sababu ya wazi upelekwe kwa daktari wa meno, na dawa ya kuua vijidudu isitolewe mara ya pili kwa uvimbe uleule bila ya jino kupimwa. Uvimbe wa kaakaa usikamuliwe kabla ya kipande kusomwa. Kila kituo cha meno, kuanzia Makunduchi hadi Konde, kiwe na chupa kumi za mdomo mpana zenye formalini, na fomu yenye nafasi za kujazwa ambayo maabara itairudisha ikiwa tupu. Usafiri wa vipande uwe wa hospitali. Daftari liwe moja, na awepo mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu wa kuulizwa kila mwisho wa mwezi: vipande vingapi vilikatwa, vingapi vilisomwa, na wagonjwa wangapi wamepewa majibu yao mkononi.